Bolamba Iko Muzima, Iko Kwetu

Espe mwanangu,

Mama yako anafunga kwanga zako, mikate ya muhogo ya safari, jikoni na kunung'unika kwamba samaki hawatoshi. Habari ya mizigo, ya dawa za homa na ya wezi wa bandarini ameshakuambia yeye, na atakuambia tena kesho asubuhi. Mimi nimekaa mlangoni mwa depo yangu ya maharage. Jua bado lipo, mvua imekatika, naandika kwa bic, polepole, maana unajua vidole vyangu vya kushoto havishiki karatasi vizuri.

Ile Jumamosi wewe ulikuwa campus. Umeisikia kwa vipande: kidogo kwa mama yako, kidogo kwa majirani, kidogo siku ile tulipoketi kortini. Mimi mwenyewe sijawahi kukuhadithia. Sasa unashuka mto mpaka Kinshasa kwa ajili ya kazi iliyozaliwa na siku hiyo, na sitaki uiendee na vipande.

Tonton Bolamba, kaka mkubwa wa mama yako, alifika kwetu kwa mtumbwi akiwa hana shati. Unakumbuka mgongo wake. Huko kijijini kwake, ng'ambo ya mto, walikuwa wameanza kukatana kwa sababu ya mashamba yaliyouzwa kwa kampuni moja, nusu ya kijiji wakiwa wamekubali na nusu wamekataa. Yeye alikuwa mmoja wa waliokataa. Walichoma nyumba yake akiwa ndani. Paa lilimwangukia mgongoni, akatoka kwa kubomoa ukuta wa udongo na bega, na alipotoka akamkuta kijana wa jirani yake amelazwa kizingitini, shingo imekatwa, miguu bado inatikisika. Aliwaona waliofanya. Aliwajua kwa majina, maana baadhi yao aliwabeba wakiwa wadogo. Mke wake, Régine, na watoto walikimbilia porini upande mwingine, na hakujua kama waliokoka.

Hayo yote alinihadithia mimi wakati mama yako akimpaka dawa mgongoni. Hakulia. Kila alipomaliza aliniita shemeji kwa lugha yao, akarudia swali lilelile: "Bokilo, Régine nitamupata wapi?"

Wewe na wenzako wa campus mlikuwa na ule mtandao wenu. Serveur, ile mashine inayotunza maneno ya watu, mliiweka nyuma ya paroisse, kanisani, kwenye panneau ya padri inayotoa umeme wa jua. Nilikuuliza inatofautiana vipi na ile mingine ambayo kila mtu anayo kwenye téléphone, ukanieleza kwa lugha ya mfanyabiashara ili nielewe. Ulisema, "Papa, hii haina patron moja. Iko sawa soko. Kila mutu na meza yake, lakini wa meza hii anaongea na wa meza ile. Serveur yetu inaongea na ya Goma, na ya Kampala, na ya Ulaya." Nilipenda sana. Mimi nilitoka Butembo na gunia moja la maharage, nikatozwa kila kizuizi na kila mtu mwenye bunduki. Kitu kisicho na bwana mkubwa kilinifurahisha moyoni.

Kosa langu lilianzia hapo. Nilisikia kwamba haina bwana, nikaelewa kwamba hakuna anayetuangalia. Ni mambo mawili tofauti, Espe, na tofauti yake niliilipia kwa damu ya mtu mwingine.

Wakati ule wakimbizi walikuwa wanajaa katika shule na makanisa, na mtandao wenu ukawa mahali pa kutafutana. Huyu ameonekana Yanonge, yule amelala kwa shangazi yake, mtaa wa Mangobo, mtoto wa jina fulani amekutwa peke yake. Nami nikaandika. Nayajua maneno yangu kwa moyo, kwa sababu niliyasikia yakisomwa kortini: "Bolamba iko muzima, iko kwetu. Anatafuta bibi yake Régine na batoto. Analala ku depo yangu, nyuma ya soko, parcelle ya portail ya bleu. Papa Kambale." Nikaweka na picha, tonton amesimama mbele ya geti, ameshika kikombe.

Uliniambia nifiche. Uliniambia niondoe maneno ya geti na ya kiwanja, niweke ile alama ya kufuli ili wasome tu wale tunaowajua. Nilikujibu vibaya. Nilisema, "Bibi yake iko mu pori, na weye unataka nifunge mulango? Atatujua kwa njia gani?" Ulinyamaza. Nikadhani nimeshinda.

Na kweli, Espe, kwa siku chache nilikuwa nimeshinda. Binamu wa tonton alijibu kutoka Basoko. Mtu mwingine akasema amesikia habari ya wanawake waliovuka mto Lomami. Tonton alikuwa anakuja na téléphone yangu kila asubuhi nimsomee upya, kama mtu anayesomewa Injili.

Halafu Jumapili moja ulirudi kutoka paroisse ukiwa umekasirika. Ulisema serveur moja ya mbali, msiyoijua, imepita kwenu ikachukua kila kitu: majina, picha, maneno ya watu wote. Nikauliza kama wamevunja mlango. Ukasema hapana, Papa, mlango ulikuwa wazi, wameokota tu. Nikauliza wanataka nini na maneno yetu. Ukasema hujui, labda ni watu wa masomo, labda ni watu wa kufundisha mashine, labda wanakusanya tu kwa sababu inawezekana kukusanya. Mkaifungia ile serveur njia, lakini waliyochukua yalikuwa yamekwenda. Mimi nikacheka. Nilisema, "Alors, nani kule Ulaya iko na lazima ya Bolamba?" Nikarudi kwenye maharage yangu.

Waliyookota wakayaweka kwenye ukurasa wao, na juu ya ukurasa wakaweka kisanduku cha kutafutia. Wa Ulaya hakumhitaji Bolamba. Aliyemhitaji alikuwa hapahapa, ng'ambo ya mto.

Sasa nakuja kwenye Jumamosi.

Wapakuzi walikuwa wamekwenda kula. Mama yako alikuwa uani anamsafisha tonton mgongo. Geti likagongwa, kwa adabu kabisa. Nikafungua kidirisha, nikaona vijana, wamevaa vizuri, mmoja na kofia ya kanisa. "Papa Kambale?" Nikasema ni mimi. Yule mwenye kofia akasema, "Papa, tumeleta habari ya mama Régine."

Hii ndiyo sehemu ambayo hujaisikia. Kortini waliuliza kama watu waliingia kwa nguvu, mwanasheria akasema ndiyo, mimi nikainamisha kichwa. Hawakuingia kwa nguvu. Niliwafungulia. Nilisikia jina la Régine nikasahau kila kitu, nikavuta komeo kwa mikono yangu, nikageuka nikaita kwa furaha: "Bokilo, kuya mbio, habari ya Régine imefika." Akaja anakimbia kifua wazi, dawa bado inamchuruzika mgongoni, anacheka. Espe, alikuwa anacheka.

Panga la kwanza lilimpata kati ya shingo na bega. Halikukata mpaka mwisho, likakwama, na yule kijana akaweka mguu kifuani mwake ili alichomoe. Tonton aliangukia magunia, gunia moja likapasuka, maharage yakamwagika chini yake, na alipojaribu kuinuka mikono ikawa inateleza juu ya maharage. Walimpiga tena na tena, kichwani, mikononi, hata alipokuwa hasogei. Mama yako aliingia kati na beseni mkononi, wakamsukuma akagonga ukuta. Mimi niliinua mkono wa kushoto, na unajua ulivyo sasa. Sikusikia maumivu. Niliona vidole viwili vimelala upande ambao havipaswi kulala.

Mkono wa kulia ulikuta kile chuma cha kuvutia magunia. Nilimchoma nacho kijana mmoja pajani, yule mwenye kofia, nikavuta kama ninavyovuta gunia la chumvi. Akaanguka. Wenzake walisikia majirani wanapiga sufuria, wakakimbia wakamwacha. Nilimkalia kifuani. Nilimpiga usoni kwa ngumi, ngumi ikaniuma, nikachukua kiatu, kisha nikampiga kwa kile kiatu mpaka nikasikia kitu cha puani kimevunjika. Sikuwa na hofu wala huruma. Nataka ujue kwamba baba yako, anayesoma somo la kwanza kanisani, alikuwa na furaha wakati huo. Furaha mbaya, ya moto, lakini furaha.

Kilichonisimamisha ni téléphone yake. Ilikuwa imeanguka karibu na kichwa chake, kioo kimewaka. Niliona picha ya tonton na kikombe. Chini yake maneno yangu, na jina langu. Lakini haikuwa ule mtandao wenu, ilikuwa ni ukurasa mwingine, mweupe. Juu, ndani ya kisanduku, mtu alikuwa ameandika jina la kijiji cha tonton, hilo tu, na chini yake kila aliyewahi kulitaja alikuwa amejipanga: anayetafuta, anayetafutwa, anayemlaza nani, mtaa gani. Sisi tulikuwa wa kwanza. Chini yetu walikuwa wengine.

Hapo nikapata akili. Nikamwita mtoto wa jirani nikampa téléphone, nikamwambia akimbie kwa padri na kusema watu wote hawa wahame sasa hivi. Wewe unajua kilichofuata kuliko mimi, kwa sababu padri alikupigia na ni wewe uliyewaandikia mmoja mmoja. Nyumba moja ya mtaa wa Kabondo, nayo ilikuwa kwenye ukurasa ule, wauaji walifika jioni wakakuta godoro tupu, wakalichoma. Watu walikuwa wameshatoka.

Uani kwetu watu walikuwa wamejaa. Walileta pneu, tairi la gari, na petroli. Yule kijana alikuwa anatambaa, damu imemfunga macho, na nilisogea ili wapite. Sikusema wamwache. Aliyesema ni mama yako. Alitoka pale alipokuwa amempakata kaka yake, damu imemfika viwikoni, akasimama juu ya yule kijana. Hakupaza sauti. "Huyu hatakufa hapa. Nataka aseme mbele ya batu nani alimutuma." Hakuna aliyethubutu kumwondoa. Walipokuja askari wa kambi ya Kapalata na camion, lori lao, yeye mwenyewe ndiye aliyewasaidia kumpandisha.

Wiki iliyofuata sikulala nyumbani, nililala hospitali, na wewe hukulala kabisa. Ulipokuja kunichukua uliniambia kwa sauti kavu kwamba umewapata. Ulikuwa umefanya kama walivyofanya wao: umeandika programme ikapita kila mahali ambapo wale vijana na rafiki zao wamewahi kuandika, ikaokota. Ulinionyesha kwenye ordinateri, kompyuta yako. Nyuso, majina, vilabu vya mpira, kanisa wanaloimba, dada zao, siku za kuzaliwa. Nilikutazama nikaogopa. Ulikuwa na macho kama ya yule aliyeniinulia panga.

Faustin, mtoto wa kwanza wa tonton, aliyekuwa anasoma huku mjini na hakuwa kijijini siku ya moto, alishajua kwamba una majina. Alikuja na vijana wa avenue, wa mtaa wetu, wakajaa uani, bidoni za petroli zimepangwa ukutani. Alisema kwa heshima, kwanza. "Papa Espe, utupatie majina tu. Weye hautatoka hapa, tutaenda siye."

Hukumwambia hapana. Uliniuliza, "Papa, nitoe?"

Mwanangu, nilitaka. Nilitaka sana. Sikuwa ninafikiria haki wala Mungu, nilikuwa ninatafuta yupi nianze naye. Nikakuambia unifungulie wa kwanza. Ikatoka picha ya mama mmoja amekaa mbele ya nyumba yao anachambua pondu, majani ya muhogo, mtoto mdogo amemwegemea, mwanae amesimama nyuma anatabasamu. Ukutani kwao nambari ya parcelle, kiwanja chao, ilisomeka vizuri. Nikaangalia ile nambari. Nikajua kwamba Faustin akishaiona hatauliza mwana yuko wapi, atamwaga petroli kwa yeyote atakayemkuta. Na huyo mama aliiweka picha ile kwa sababu alikuwa na furaha na mtoto wake, hiyo tu.

Nikasema, "Funga. Futa yote. Ya wenyewe wenye mapanga umupatie juge, mu mikono yake, ile ingine ifutike."

Faustin alinitemea mate usoni. Vijana walinipiga, si sana, lakini walinipiga mkono ulioshonwa, nikazimia. Nilipozinduka mlango wa depo ulikuwa umevunjwa na wewe ulikuwa umekaa juu ya ordinateri, umeikalia, mdomo umepasuka. Ulikuwa umeshafuta. Kwa miezi ndugu za mama yako hawakula kwetu. Walisema Mnande, huyu mtu wa Butembo, ameuza damu ya shemeji yake.

Sijui kama tulifanya vizuri. Wengine wanaandika barua kama hii wakiwa na uhakika, mimi sina. Yule wa kofia alisema kila kitu kortini, na aliyewatuma amefungwa. Lakini wawili wanatembea huru. Mmoja namwona sokoni, ananunua sabuni kwa jirani yangu, na kila nikimwona mkono wa kulia unakuwa mzito. Haijapita. Nakuambia isije siku moja ukadhani baba yako alisamehe.

Neno moja la yule kijana ndilo lililobaki kwangu. Kortini juge alimuuliza nani aliyemwonyesha kwetu. Alishangaa, kana kwamba swali ni la kijinga. "Hakuna mutu. Niliandika tu jina ya mugini, yote ikatoka."

Mliufuta ujumbe wangu kwenu, mkaomba serveur zingine nazo zifute. Nyingine zilifuta, nyingine hazikujibu. Ule ukurasa mweupe ulifungwa, lakini kabla ya kufungwa wengine walikuwa wamenakili. Ulinieleza hayo ukilia kwa hasira, na mimi hadi hapo nilidhani neno likifutwa limefutika.

Miezi baadaye, mchana, geti liligongwa tena. Sikufungua. Nilichungulia muda mrefu. Kulikuwa na mwanamke mwembamba, watoto wawili, na kikapu cha mbinzo kavu, viwavi vya kula. Alikuwa Régine. Walikuwa wamejificha porini, kisha wakafika Opala, na huko kijana mmoja mwenye téléphone alimtafutia jina la kijiji chake. Akaona mume wake na kikombe. Muzima, iko kwetu. Alisafiri kwa mtumbwi na kwa miguu kuja kwa mume ambaye nilikuwa nimemzika, akiwa amemletea mbinzo alizozipenda.

Mama yako hakuweza kumwambia. Nilimwambia mimi, hapo hapo getini, na nilimwambia pia ni nani aliyefungua. Hakunipiga. Aliketi chini akafunua kikapu, akaanza kuwagawia watoto. Siku tulipompeleka kwenye kaburi la tonton ndipo aliponiuliza kama ujumbe ule bado upo. Nikamwambia tunajitahidi uondoke kabisa. Akasema, "Bila ile, ningebaki mu pori. Na bila ile, angekuwa muzima. Mimi sijui nikuambie nini, bokilo."

Wala mimi sijui. Nimeandika kurasa hizi nikitumaini nitajua nikifika hapa.

Uliposema unakwenda kufanya kazi na hao wa Kinshasa, wanaotengeneza mitandao ambayo humuuliza mtu kwanza kabla maneno yake hayajatoka, nilikataa. Nilitaka uuze maharage. Nilisema tuzime kila kitu, tukae kimya. Ulinijibu kwamba tukiondoka watabaki waokotaji peke yao, na watu kama tante Régine hawatakuwa na pa kutafutia. Nilikasirika kwa sababu ulikuwa umesema kweli.

Basi nenda. Sikupi somo. Nakuomba kitu kimoja tu: utakapokaa mbele ya mashine yako na mtu mjinga kama mimi akakataa kufuli, usinyamaze. Mimi nilihitaji mtu wa kunigombeza, na ulinyamaza kwa sababu mimi ni baba yako. Mgombeze. Mwambie una baba aliyelikataa kufuli.

Kesho bandarini watu watainua téléphone zao wakati mashua inasukumwa. Ndivyo ilivyo, kila mtu anataka kubaki na picha ya wake. Mimi sitainua kitu. Nitasimama ukingoni na mama yako, nikuangalie kwa macho tu mpaka usionekane.

Papa